Kuchagua Video za Kujifunzia Kurekodi Muziki

Maneno ya Kamati Ndogo ya Utamaduni na Vijana kwa wakazi wa kambi ya Dzaleka, Malawi, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani



Tumepewa nafasi tuseme jambo moja linalowagusa vijana wetu, nalo ni muziki. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, na tangu hapo nyimbo hazijakoma. Tuna kwaya, tuna ngoma za Warundi, tuna vijana wa rap, na tangu 2014 Tamasha la Tumaini limewaleta hata watu wa nje waje kutusikiliza. Lakini wimbo usiorekodiwa huondoka na mwimbaji wake. Wazee wengi waliovuka mipaka na nyimbo vichwani tumekwisha kuwazika, na nyimbo zao hatunazo tena.

Siku hizi kompyuta moja, maikrofoni moja na programu ya kurekodia vinatosha kuanzia. Walimu wa kazi hiyo ni wachache, kwa hiyo vijana hujifunza kwa video za intaneti. Shida ni kwamba video hizo ni nyingi mno, na bando linanunuliwa kwa fedha ambayo ingenunua unga. Kijana anaangalia video kumi, bando linakwisha, wimbo bado haujarekodiwa. Kwa sababu hiyo tunatoa mashauri yafuatayo.

Kwanza, chagua programu kabla ya kuchagua video. Tazama kompyuta uliyo nayo na kazi unayotaka kufanya. GarageBand ni ya vifaa vya Apple peke yake. Mwenye kompyuta ya Windows asipoteze bando kwa video zake. FL Studio hupendwa na watengenezaji wa midundo, lakini toleo lake la majaribio halikuruhusu kuifungua tena kazi uliyoihifadhi mpaka ulipie. Reaper hujaribiwa bure kwa siku 60, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Audacity na LMMS ni za bure kabisa: Audacity inafaa kurekodi sauti na vyombo, LMMS inafaa kutunga midundo. Anayetaka kurekodi kwaya au mzee mwenye zeze, tunamshauri aanze na Audacity, na atafute video za Audacity tu.

Pili, tazama tarehe ya video na toleo la programu. Audacity ilianza kutolewa mwaka 2000, kwa hiyo video zake ni za kila umri. Kabla ya toleo la 3.2, lililotoka 2022, ukiongeza mwangwi ulikuwa unaibadilisha sauti yenyewe palepale. Tangu toleo hilo unaweza pia kuuweka huku wimbo ukicheza, ukausikiliza, na ukauondoa usipoupenda. Mwenye programu mpya akifuata video ya 2012 atatafuta vitufe ambavyo vimehamishwa, na atadhani kompyuta yake ni mbovu. Mwalimu asiyetaja toleo analotumia, mwache.

Tatu, mpime mwalimu kwa mafundisho yake, si kwa wingi wa watu wanaomtazama. Mwalimu mwema hukusikilizisha sauti kabla ya marekebisho na baada yake. Tena hueleza sababu. Wengine husema tu: bonyeza hapa, sasa bonyeza pale. Mwema atakwambia: mwambie mwimbaji aimbe pale anapopaza sauti zaidi, kisha rekebisha maikrofoni mpaka kilele cha sauti kifike kati ya desibeli -12 na -6. Kisifike 0, kwa maana sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi ni vigumu sana kuitengeneza. Mtu akiijua sababu hiyo, ataitumia katika programu yoyote.

Vivyo hivyo katika kuondoa makelele. Mwalimu mwema hufundisha kwamba kabla ya kuimba, uache sekunde chache za ukimya, ili programu ipate mfano wa ngurumo inayotakiwa kuondolewa. Naye hatakuficha kwamba njia hiyo inafaa kwa ngurumo isiyobadilika, kama ya feni, na haiwezi kuisafisha mvua inayopiga mabati. Atakwambia utundike mablanketi ukutani na usubiri mvua ipite. Anayeahidi kwamba kitufe kimoja kitaponya kila kitu anakudanganya.

Nne, jihadharini na programu za wizi. Ziko video zinazotoa anwani ya kupakua bure programu inayouzwa. Mara nyingi ndani yake kuna virusi, au kijiprogramu cha kuiba nywila. Hapa kwetu kompyuta moja hutumiwa na watu wengi. Virusi vya mtu mmoja vinaweza kuua kazi ya kwaya nzima. Programu za bure za halali zipo. Hatuna sababu ya kujiingiza katika hatari hiyo.

Tano, tuhifadhi bando. Video ya somo la kompyuta ina maandishi madogo. Ukiipunguza ubora mpaka 144 hutasoma kitu, na ukiiweka 1080 bando litaliwa mara moja. Tafuta mwalimu anayekuza sehemu ya skrini anayoifundisha, kisha jaribu 360 au 480. Tazama dakika mbili za mwanzo. Ikiwa bado anajisifu, toka. Afadhali watu watano wachange bando moja, watazame pamoja, na mmoja aandike daftarini. Majina ya vitufe mara nyingi ni ya Kiingereza. Anayeyajua awaandikie wenzake maana yake kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda au Kifaransa, na karatasi ibandikwe ukutani.

Sita, shikeni mwalimu mmoja mpaka mwisho wa mafunzo yake. Mtaka yote hukosa yote. Na kila video ikiisha, rekodini dakika moja kwa kutumia mlichojifunza kabla ya kufungua nyingine. Video ambayo haikuwawezesha kurekodi hata dakika moja haikuwafaa, hata kama iliwafurahisha. Sauti ya WAV ya stereo, kwa ubora wa CD, huchukua kama MB 10 kwa dakika, kwa hiyo flashi ndogo inatosha kwa nyimbo nyingi. Wekeni nakala mbili, mahali pawili.

Ndugu zetu, kwa wazazi tuna ombi: kijana akiomba saa moja ya ukimya nyumbani ili arekodi, msimwone mvivu. Kwa vijana tuna kazi: wimbo wenu wa kwanza kurekodiwa uwe wa mzee wa jirani, kwa ruhusa yake, na jina lake, jina la wimbo na mahali ulipotoka viandikwe. Wazee wangali nasi leo, na kurekodi kunajifunzika. Tuanze wiki hii.