Ekuteri barabarani, ekuteri mazoezini

Leo tunazungumzia kuchagua ekuteri zisizo na waya.

Ukiwa juu ya baiskeli kwenye barabara ya Kasenga hapa Lubumbashi, masikio ndiyo macho ya mgongoni: lori utalisikia kabla ya kuliona. Basi usivae zile zinazoziba tundu la sikio. Tafuta zinazokaa mbele ya sikio na kupitisha sauti kwenye mfupa. Huna hizo? Vaa moja tu, sikio la kulia, kwa maana huku kwetu magari hukupita kwa kushoto.

Nyumbani au kwenye sali ya mazoezi, za kuziba zinafaa, mradi zishike vizuri na zivumilie jasho. Soma boksi: kwenye IP54, 5 ni kinga ya vumbi, 4 ni ya matone ya maji. IPX4 haisemi lolote kuhusu vumbi, na vumbi letu la kiangazi mnalijua.

Sauti je? Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80, kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki. Mtu aliye karibu akikuita nawe humsikii, punguza.

Mwisho, umeme ukirudi, chajini mapema.