KIKOHOZI KISICHOPONA NA AINA ZA SARATANI YA MAPAFU

(Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Wizara kwa wananchi wa Horohoro)



Wizara imenituma kwenu kwa kuwa wako wagonjwa wavukao kutoka Pemba hadi Tanga, na wengine hupita hapa Horohoro kuelekea Mombasa kutafuta tiba. Ninalotaka kuwaeleza ni saratani ya mapafu.

Mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili, akakonda na kutoa makohozi yenye damu, hudhaniwa kwanza kuwa ana kifua kikuu. Ni haki apimwe ugonjwa huo. Lakini saratani nayo huleta dalili hizo hizo, na katika picha ya eksirei vivuli vyake vyaweza kufanana. Hatari ni mgonjwa kumeza dawa za miezi sita bila ya kijidudu kuonekana, huku uvimbe unakua. Ikiwa makohozi hayaonyeshi kijidudu na kikohozi hakitulii, aombe rufaa ili akatwe kinyama cha kupimwa.

Zamani kinyama hicho kilitazamwa kwa hadubini tu, na saratani ikagawanywa mafungu mawili: ya chembe ndogo na isiyo ya chembe ndogo. Fungu la pili ni kiasi cha wagonjwa 85 katika kila 100. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walibaini kwamba baadhi ya uvimbe wa fungu hilo una mabadiliko katika jeni iitwayo EGFR, na kwamba huo ndio unaosikia dawa ya gefitinib. Mwaka 2007 wataalamu wa Japani walitangaza mabadiliko mengine, ya jeni ya ALK, yenye dawa zake mbali. Kwa hiyo wagonjwa wawili wanaofanana chini ya hadubini waweza kuhitaji tiba tofauti.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza erlotinib, dawa ya vidonge kwa wenye mabadiliko ya EGFR, katika orodha ya dawa muhimu. Asiye na mabadiliko hayo hapati faida hiyo. Basi aina ijulikane kwanza, dawa ifuate.

Kinyama huhifadhiwa kwa fomalini, kisha katika nta, na chaweza kupimwa tena baadaye. Mgonjwa aulize kimewekwa wapi na kwa namba gani. Avukapo mpaka achukue barua ya rufaa, picha na majibu yote, asije akaanza upya. Kwa upande wa Tanzania, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996, ndiyo ya taifa kwa ugonjwa huu.

Tumbaku ndiyo sababu kubwa ya saratani hii, tuiache. Hata hivyo, asiyevuta asijione salama, kwani mabadiliko ya EGFR huonekana zaidi kwa wasiovuta.

Wahenga wamesema: mficha maradhi, kifo humuumbua.