Intaneti ya Muda kwa Kipakatalishi: Pima Kabla ya Kununua



Makataa ya mtu binafsi kuwasilisha ritani za ushuru kwa KRA ni Juni 30. Anayechelewa hutozwa faini isiyopungua Sh2,000. Wengi wenu mna kipakatalishi nyumbani lakini hamna intaneti, na siku za mwisho saiba hufurika.

Kabla ya kutoa pesa, angalia simu yako. Simu nyingi za kisasa hugawia kipakatalishi intaneti kupitia hotspoti. Kwa kazi ya siku mbili tatu, hiyo yatosha. Iweke simu kwenye chaji, kwani hotspoti hula betri.

Ukihitaji intaneti kwa wiki kadhaa, kuna modemu, inayochomekwa kwenye kipakatalishi kimoja. Kuna pia MiFi, yenye betri yake, inayohudumia vifaa kadhaa kwa pamoja. Dukani uliza: je, kifaa hiki kimefungiwa laini ya kampuni moja? Ni cha 3G au 4G? Modemu kuukuu ya 3G ni rahisi kwa bei, lakini itakuchelewesha.

Muhimu zaidi, jaribu kwanza laini kwa simu pale utakapoketi kufanya kazi. Pasipo na mtandao, kifaa ghali hakitauleta.

Mwisho, linda bando lako. Kipakatalishi hupakua masasisho kimyakimya. Yasitishe kwa muda kwenye mipangilio, kisha uyarejeshe ukimaliza, maana ndiyo yanayokikinga.