Haki ya Aliyeumia Kazini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Enyi Waislamu, mcheni Mwenyezi Mungu. Leo tutazungumza juu ya fidia ya mtu aliyeumia kazini, na huenda baadhi yenu mkastaajabu kulisikia jambo hili juu ya mimbari. Sioni sababu ya kustaajabu. Imamu Bukhari amepokea kwa Abu Huraira, Mwenyezi Mungu amwie radhi, hadithi inayowataja watu watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kwa ukamilifu, kisha akamnyima ujira. Ikiwa ujira wa siku moja una uzito huo, je, vidole vilivyokatwa na msumeno wa kiwanda vitakuwa na uzito gani?

Wapo wasemao kwamba aliyeumia ameandikiwa, na kudai fidia ni kutoridhika na kadari. Maneno haya yana sura ya uchaji, lakini hayana fiqhi ndani yake. Aliyeuawa kwa bahati mbaya naye ajali yake ilikuwa kwa kadari. Hata hivyo Qurani Tukufu, katika Suratun Nisaa, aya ya 92, imeamuru diya wapewe jamaa zake. Wala mzigo huo haukuachwa umlemee mtu mmoja, bali waliubeba akila, yaani jamaa wa kiumeni wa yule aliyeua. Sayyidna Umar alipoweka diwani ya askari, wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wakashika kwamba watu wa diwani moja ndio akila, wakichanga kutoka katika posho zao. Basi mfuko wa kuchangia waliodhurika si jambo geni kwetu.

Huku Tanzania Bara, sheria iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni ilikuwa imeweka kikomo cha shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu, na shilingi 83,000 kwa kifo. Thamani ya shilingi ikashuka mwaka hadi mwaka, kikomo kikabaki pale pale, hata mjane akawa hapati cha kumsomesha mtoto mmoja. Ndipo ikatungwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi Julai 2015. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao. Katika Mfuko huu mchangaji ni mwajiri, wa serikali na wa binafsi. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja, na mwajiri anayemkata mshahara kwa jina la mchango huu anakula mali ya mtu kwa batili.

Aliyeumia ana haki ya kutibiwa. Akishindwa kufanya kazi kwa muda, sheria imempa asilimia 70 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 24. Mwenye mshahara wa shilingi 300,000, hiyo ni shilingi 210,000 kwa mwezi. Na maradhi yaliyoletwa na kazi, kama kifua kwa mchimba madini, nayo yamo.

Lakini haki hii hupotea, na aghalabu hupotelea langoni mwa kiwanda. Kijana ameumia, msimamizi anamfuata hospitali na bahasha, anampa pole, kisha anamwekea karatasi atie dole gumba. Kijana anashukuru! Haki aliyoitoa mtu asiyejua anatoa nini haikutoka kwa ridhaa. Mwajiri anapaswa kuipeleka taarifa ya ajali kwenye Mfuko ndani ya siku saba tangu aarifiwe, na dai lisipofikishwa ndani ya miezi kumi na miwili haki huanguka. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Basi nawe mwarifu mwajiri siku ile ile, andika saa na mahali, taja walioona, tunza cheti cha daktari na hati ya mshahara. Usitie dole kwenye karatasi usiyosomewa.

Sasa nawageukia jamaa wa marehemu, maana hapa ndipo dhulma iliyojificha. Mume amefariki kazini, mke yumo edani miezi minne na siku kumi, na shemeji amechukua karatasi zote. Fedha zinapokuja zinaitwa mirathi, wakagawana ndugu. Tofautisheni! Mshahara ambao marehemu alikuwa amekwisha kuufanyia kazi ni tarika yake, nayo hugawiwa kwa mafungu yanayojulikana. Ama pensheni ya kila mwezi ambayo sheria imewapa mjane na watoto kwa majina yao, hiyo hakuimiliki marehemu hata siku moja. Mimi naona ni mali yao wenyewe. Anayeila ya mtoto asome aya ya kumi ya Suratun Nisaa, ajue anachokiingiza tumboni. Na eda haimzuii mwanamke kutoka mchana kwa haja; kufuatia riziki ya mayatima ni haja. Akiona vema kumtuma mtu, amtume mwaminifu, na karatasi za asili zibaki kwake.

Wala asidhani mfanyakazi kwamba naye yuko huru. Aliyeumia mpirani Jumapili akadai kwamba ameumia kazini Jumatatu, na daktari aliyemwandikia hivyo akijua, wote wawili wamechota katika chungu cha wenye haki.

Ee Mola wetu, waponye walioumia, warehemu waliofariki wakitafuta halali, na uwasimamie wajane na mayatima wao. Nasema kauli yangu hii, nami namwomba Mwenyezi Mungu maghfira kwa ajili yangu na yenu.