Shule Yenye Baraza

Leo twende Gando, kijiji cha Burkina Faso, tukaone jinsi udongo na bati vilivyotumika kujenga darasa lisilochoma.

Wengi wetu tumesoma chini ya bati lisilo na dari. Saa nane mchana kichwa kizito, macho yanafumba, na sauti ya mwalimu inasikika kwa mbali. Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa Gando, aliyajua madarasa ya joto namna hiyo. Kijijini kwao hapakuwa na shule, hivyo tangu utoto alisoma mbali na nyumbani. Alipokuwa Berlin akisomea usanifu wa majengo, alichangisha fedha ili kijiji kipate shule yake. Ilikamilika mwaka 2001.

Sasa tuitazame. Kuta ni za matofali ya udongo wa pale pale, uliotiwa saruji kidogo na kushindiliwa. Ukuta mnene wa udongo hupitisha joto polepole. Dari nayo ni ya matofali, yenye nafasi za kupitisha hewa. Bati halikulazwa juu ya dari hiyo. Limeinuliwa kwa nondo zilizochomelewa, upepo unapita katikati. Hewa ya moto hupanda ikatoka juu, na yenye ubaridi huingia madirishani. Paa limetokeza nje sana, likikinga kuta dhidi ya jua na mvua.

Madarasa ni matatu, na kati yake pana baraza zenye kivuli kwa masomo na michezo. Msikilizaji, wewe unajua baraza ni nini: ndipo watu wanapokutana.

Na shule hii ni ya wanakijiji kwelikweli. Watoto walikusanya mawe ya msingi, wanawake wakachota maji na kuitwanga sakafu mpaka ikawa laini. Baadaye zikafuata nyumba za walimu na madarasa mengine. Shule ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu wa majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, nayo ya usanifu wa majengo.

Ndugu zangu wa kamati za shule, kabla ya kupaua darasa lijalo, mwulizeni fundi: hewa ya moto itatokea wapi? Na sisi wazazi tutakaa wapi kivulini? Asipokuwa na jibu, msianze kujenga.