ADA ILIONDOLEWA, WANAUME HAWAKURUDI

(Hotuba kwa mkutano wa vijana)



Leo sikuja kutukana wakubwa. Nimekuja na hesabu.

Desemba 1989 Serikali ya Kenya, ikisukumwa na wakopeshaji wa nje, iliwaambia wananchi "wachangie" matibabu. Jijini Nairobi, kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa nayo ikaanza kutoza. Watafiti wakafungua madaftari ya wagonjwa, wakahesabu vichwa: kabla ya ada, wakati wa ada, na baada ya ada kusimamishwa Septemba 1990.

Waliona nini? Wanawake walipungua kwa kama theluthi moja. Wanaume walipungua zaidi. Ada ilipoondoka, wanawake walirudi hata wakapita idadi ya zamani. Wanaume je? Hawakuifikia! Matokeo yalichapishwa mwaka 1992 katika jarida la Lancet.

Vijana wenzangu, kisonono hakingoji mwisho wa mwezi. Daftari halisemi waliokosekana walikwenda wapi. Lakini sote tunajua: ugonjwa usiotibiwa haukai kwa mtu mmoja, na kidonda cha zinaa huwafungulia mlango virusi vya UKIMWI.

Basi wakija na mageuzi mapya ya afya, msidanganywe na jina tamu. Ulizeni: daftari la zahanati yetu lilisema nini kabla, na linasema nini sasa? Aliyepungua ni nani? Asiyeweza kujibu hajapima kitu. Anacheza bahati nasibu na maisha yetu!