Kubadili Pampu na Difu ya Lori la Chama



Kila lita ya dizeli inayotiwa katika lori la chama hulipwa na mkulima, maana gharama ya usafiri hukatwa katika fedha za mazao yake. Kwa hiyo fundi anapoiahidi halmashauri kwamba gari likibadilishwa litatumia mafuta machache, ahadi hiyo yafaa ipimwe kwanza.

Badiliko lipendwalo na madereva ni kufungua pampu ili nozeli zitoe dizeli nyingi zaidi. Gari hupanda mlima kwa nguvu, lakini hewa iingiayo katika silinda haikuongezeka. Dizeli iliyozidi hukosa hewa ya kuiunguza, nayo hutoka nyuma ikiwa moshi mweusi. Moshi huo ni fedha za wanachama. Turbo ni afadhali, kwa kuwa husukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Hata hivyo injini isiyoundwa kwa ajili yake huweza kuharibika kwa joto.

Kubadili difu kuna faida ya kweli, mahali pake. Lori ambalo propela yake huzunguka mara 6 ili gurudumu lizunguke mara 1, likitiwa difu ya mara 5, injini yake huzunguka polepole zaidi kwa mwendo ule ule, na katika barabara tambarare dizeli hupungua. Penye milima na tope lori hilo hukosa nguvu. Dereva hushinda katika gia ndogo, klachi huungua, na faida yote hupotea. Barabara ya kwenda ghalani itazamwe kabla ya difu kununuliwa.

Ipo hatari nyingine, nayo imo katika daftari la katibu. Katika malori mengi ya zamani mita ya kilomita huzungushwa na giaboksi, wala haijui kwamba difu imebadilishwa. Safari ya kilomita 120 itasomeka 100. Ikiwa safari hiyo ilitumia lita 36 na sasa inatumia 33, chama kimeokoa lita 3. Lakini daftari, ambalo zamani lilionyesha lita 30 kwa kila kilomita 100, sasa litaonyesha 33! Halmashauri itashuku wizi, na dereva mwaminifu huenda akafukuzwa kazi kwa kosa la mita. Matairi makubwa kuliko ya awali huleta upungufu kama huo. Madogo huzidisha kilomita.

Basi kipimo kifanywe kabla ya badiliko na baada yake: njia ile ile, mzigo ule ule, dereva yule yule, tangi lijazwe pomoni mwanzo na mwisho, na umbali usomwe katika vibao vya barabarani. Fundi atakayebadili difu atakiwe pia kubadili kijigia cha mita, na tarehe ya kazi hiyo iandikwe daftarini kwa wino.

Chujio la hewa lililoziba, breki zinazokwaruza na matairi yenye upepo haba hula dizeli kila siku. Hayo hayahitaji kikao cha halmashauri.